Nikifumba macho tu, kichwa ndo kinaanza kelele

Shikamoo dada. Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike tu manake hili jambo limenichosha na nikiwaambia wenzangu wanaliona dogo.

Nina miaka 29, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima. Mwaka huu mwanzoni stresi ilinizidi, usingizi wa kuvizia, moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa tu, na nikawa mkali kwa kila mtu mpaka kwa mwanangu wa miaka mitano, akimwaga maji kidogo tu nishapiga kelele. Nikaenda kupima, daktari akasema mwili hauna tatizo, akanishauri nijaribu meditesheni, yaani kukaa kimya na kufatilia pumzi. Nikafurahi kwa kweli, nikaona hii naiweza, nikapakua apu, nikajipangia dakika 20 kila siku saa 11 alfajiri kabla watu hawajaamka.

Wiki ya kwanza nilijikaza. Siku ya nane mtoto akapata homa, sikulala usiku kucha, asubuhi sikukaa. Kufungua apu nikakuta ile hesabu ya siku mfululizo imerudi sifuri. Dada sijui nikuelezeje, ile sifuri ilinikata maini, nikaacha wiki tatu nzima. Nikaanza tena nikafika siku ya 12, nikaangusha. Mpaka naandika hapa nimeanza mara nne.

Na hata hizo siku nilizokaa sioni kama nilikuwa nafanya kitu. Nikifumba macho tu kichwa ndo kinaanza kelele, mara nakumbuka meseji sijajibu, mara maneno niliyomwambia mtu miaka mitatu iliyopita, mara napanga kesho, nikija kushtuka dakika kumi zimepita na sijafatilia hata pumzi tano. Siku nyingine nasinzia mpaka shingo inauma. Mara mbili nimejikuta machozi yanatoka na sijui nalilia nini, nikaogopa nikainuka.

Mume wangu hana shida, ila mama mkwe aliniona siku moja akaniuliza kama hii siyo dini ya watu wengine, nikakosa la kumjibu. Rafiki yangu naye anasema napoteza muda, niende kambi ya siku kumi za kukaa kimya nitatoka mtu mpya. Dada naomba uniambie ukweli, kuna watu akili zao hii kitu haziwezi? Na ile apu niifute?

Mdogo wako, niliyechoka kuanza upya.

*

Marahaba mdogo wangu, pole sana na asante kwa kuandika. Barua yako nimeisoma jana usiku nikairudia leo asubuhi, na kuna maneno umeyaandika kama mtu anayeungama kosa, mi ndo nataka nianze na hayo. Umesema “nikija kushtuka dakika kumi zimepita”. Mdogo wangu, pale pale uliposhtuka ndo meditesheni ilipofanyika. Hukujua tu, na hakuna aliyekwambia, ukaamka ukaondoka ukidhani umeshindwa.

Wengi tunaingia kwenye hili tukiamini kwamba lengo ni kichwa kiwe kitupu, wazo lisipite, na kila likipita tunajihesabia hasara. Siyo hivo kabisa. Unachofanya ni hiki: unaiweka akili sehemu moja, tuseme kwenye pumzi, inachoropoka bila kuaga, baadae unagundua kwamba imechoropoka, unairudisha. Halafu inachoropoka tena. Ndo zoezi lote hilo, hakuna siri nyingine nyuma yake, na kile kitendo cha kugundua ndo unachojifunza. Kwahiyo siku uliyotoka mara hamsini na kurudi mara hamsini hukuharibu chochote, ulifanya kazi kubwa.

Fikiria unatembea na mwanao njiani, umemshika mkono, akaona kipepeo akakimbilia huko. Humwambii “wewe kutembea huwezi”. Unamfata, unamshika tena mkono, mnaendelea. Atakimbia tena, unamfata tena. Sasa angalia, unaweza kumfata ukamvuta kwa hasira, au ukamshika taratibu, na nimeona kwenye barua yako unajivuta kwa hasira sana, unajirudisha kwenye pumzi kama unajichapa. Sikulaumu, ni ile ile stresi. Ila naomba uelewe kwamba namna unavyojirudisha ni sehemu ya zoezi, pengine sehemu kubwa kuliko pumzi yenyewe, manake mtu akijizoesha kujirudisha kwa upole mara hamsini kwa siku, ule upole unakuwa karibu nae hata yale maji yakimwagika.

Kuhusu kelele. Haianzi ukifumba macho, ilikuwepo. Saa ya ukutani mchana huisikii, usiku watu wakishalala ndo unaisikia inavyogonga, na siyo kwamba imeanza kugonga usiku. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa chuo kikuu cha Harvard walitoa utafiti mwaka 2010, waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao, kwa kuwashtukiza katikati ya siku, sa hivi unafanya nini na unawaza nini. Asilimia 46.9 ya mara walizoulizwa akili ilikuwa sehemu nyingine, siyo kwenye kile wanachokifanya. Karibu nusu ya muda wao wakiwa macho! Na ikiwa imetangatanga walikuwa na furaha kidogo kuliko ikiwa imetulia. Ubongo una sehemu zake ambazo zinachangamka zaidi pale usipokuwa na kazi maalum, ndo zinakurushia hayo ya miaka mitatu iliyopita na ya kesho. Kwahiyo swali lako kama kuna watu akili zao haziwezi, kama kigezo ni kelele basi hakuna mtu duniani anayeweza.

Na wala usione aibu kwamba kukaa na nafsi yako ni kugumu. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa chuo kikuu cha Virginia na wenzake waliwaacha watu peke yao chumbani dakika 15, hakuna simu, hakuna cha kusoma, ila kuna kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, shoti ambayo kabla walishaionja na kusema wako tayari kulipa hela wasipigwe tena. Kati ya wanaume 18, 12 waliibonyeza. Wanawake 6 kati ya 24. Nikiukumbuka huo utafiti nakuonea fahari wewe uliyekaa dakika 20 alfajiri siku saba mfululizo bila mtu kukusimamia.

Ila hizo dakika 20 ndo kosa lako la kweli, na nalisema kwa upendo. Ni nyingi mno kwa kuanzia, na saa 11 alfajiri kwa mtu ambaye usingizi wake ni wa kuvizia unautoa muda wa meditesheni kwenye deni la usingizi, ndo maana unasinzia. Mwili ukikaa kimya gizani huku una njaa ya usingizi utalala, hiyo siyo tabia mbaya ni mahitaji. Hiyo saa 11 lala.

Sasa nataka ufanye dakika mbili. Najua utaona ni utani, mi mwenyewe niliona hivo, nilianza na nusu saa nikawa naacha na kurudi karibu miaka miwili, kilichonishika ni dakika mbili za kila siku ambazo nilikuwa nazidharau. Mwanzoni hujengi utulivu, unajenga kukaa. Mwili uzoee kwamba ikifika wakati fulani tunakaa, na kitu kidogo hakikupi sababu ya kukikwepa. Zikikaa vizuri wiki mbili tatu weka tatu, halafu tano, na usiongeze kwa sababu umechoka kuwa mdogo, ongeza siku ambayo taima imelia na ukajisikia kubaki.

Na usiiwekee saa, ifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kukumbushwa. Saa inategemea mtoto kaamka vipi na umelala vipi, ila meno utapiga mswaki tu hata nyumba ikiwa na homa. Jiambie hivi, tena kwa maneno kamili, “nikishamaliza kupiga mswaki nakaa kwenye kile kiti dakika mbili”. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, amechunguza sana mipango ya namna hii ya “ikitokea hivi nitafanya hivi” na inaonekana inawasaidia watu kutimiza kuliko kusema tu “nitakuwa nafanya kila siku”, manake huhitaji tena kuamua, mswaki unaamua kwa niaba yako. Kiti kiwe kile kile. Simu iwe imeshakaa kwenye taima kabla hujakaa, usije ukaifungua ukakutana na meseji kumi.

Halafu uwe na toleo la siku mbaya, hili wengi wanaliacha ndo maana wanaanguka. Mtoto anaumwa, umechelewa, umegombana na mtu, siku hiyo ni pumzi tatu tu ukiwa umesimama pale pale na mswaki mkononi. Imehesabika. Usinibishie, imehesabika, kwa sababu umerudi mahali pako.

Nakuja kwenye sifuri, hapa nina hasira kidogo na ile hesabu yako, manake imekudanganya. Inakwambia siku ukikosa kila kitu kimefutika, na si kweli. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijizoesha kitu kimoja kidogo kila siku, wakapima kinachukua muda gani mpaka mtu akifanye bila kujisukuma. Wastani ulikuja siku 66, ila tofauti ni kubwa, wapo wa siku 18 na wapo ambao makadirio yao yalifika 254. Na walikuta kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwendo wa mazoea. Umeona? Zile siku saba zako hazikwenda popote mdogo wangu, kilichokuumiza siyo siku ya nane, ni zile wiki tatu ulizokaa ukijiadhibu. Na kama kuna mtu alikwambia siku 21 zinatosha, hiyo ilisambaa kutoka kwa daktari wa upasuaji wa urembo, Maxwell Maltz, mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku kama 21 kuzoea sura mpya kwenye kioo. Kuzoea sura! Haikuwa habari ya kukaa kimya asubuhi. Kwahiyo hujaanza mara nne. Umeanza mara moja, mwaka huu mwanzoni, na ukapumzika mara kadhaa.

Namna ya kukaa sitaki ikusumbue. Kiti cha kawaida, nyayo zote chini, mgongo wima ila usikakamae, mikono juu ya mapaja. Usikae kitandani, mwili unajua kitanda ni cha nini. Ukiona usingizi unakuvuta fungua macho nusu, tazama sakafuni hatua moja mbele yako, bado ukizidiwa simama au tembea taratibu humo chumbani ukisikiliza unyayo unavyogusa chini na kunyanyuka, hiyo nayo ni meditesheni kamili, watu wameifanya karne nyingi. Pumzi usiiongoze, iache ijipumue yenyewe, tafuta tu sehemu unayoisikia vizuri, puani au kifuani au tumboni. Hesabu kila unapotoa hewa, moja, mbili, mpaka kumi, kisha rudi moja. Ukipotea katikati rudi moja. Ukijikuta uko ishirini na tatu, rudi moja, inatutokea sana. Kama wazo ni king'ang'anizi lipe jina fupi kimoyomoyo, “kupanga”, “kukumbuka”, “hasira”, halafu rudi, ukishalipa jina linalegea kidogo. Na muwasho ukija usikimbilie kujikuna wala usijikaze kishujaa, uangalie kwanza unavyopanda na kushuka, ukizidi jikune.

Sasa machozi. Hapa naomba usome taratibu.

Mtu aliyekimbizana miezi kadhaa bila kutulia, akikaa kimya kidogo, yale aliyoyabeba yanapata nafasi ya kujitokeza, na mara nyingi ni uchovu na huzuni ya kawaida ambayo haikupata muda. Kulia siyo dalili kwamba umekosea. Ukilia tena na ukaona unaweza, kaa, hamisha akili kutoka kwenye wazo iweke kwenye nyayo zako sakafuni, acha yatoke, taima ikilia umemaliza. Ila kuna upande wa pili ambao wapenda meditesheni hawapendi kuuongelea na mi nauongelea kila nikipata nafasi: kwa baadhi ya watu, hasa waliopitia mambo mazito ya kutisha, kukaa kimya na kuikazia pumzi kunaweza kuwaletea hofu kali, picha za yale yaliyowapata, au kujihisi kama wametoka nje ya mwili wao. Ikikupata hivo, fungua macho, inuka, taja vitu unavyoviona chumbani, usijilazimishe kumaliza, na nenda kwa daktari yule yule umwambie kilichotokea, au mtaalamu wa afya ya akili. Kusimama hapo siyo kushindwa. Na ikiwa ni pumzi ndo inakupandishia mapigo ya moyo, jambo ambalo kwa mtu mwenye wasiwasi linatokea sana, achana nayo, sikiliza sauti za nje au joto la viganja vyako, kazi ni ile ile.

Mama mkwe mjibu kwa heshima na kwa ukweli. Asili yake kubwa, hii ya kufatilia pumzi, ni mafundisho ya Kibudha, usimfiche hilo. Lakini mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliichukua kama zoezi akaifundisha kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, programu ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu na stresi, bila kumtaka mtu abadili imani yake, na ndo njia iliyoenea hospitalini mpaka daktari wako akakutajia. Mwambie “mama, nakaa nasikiliza pumzi yangu dakika mbili, sala zangu ni zile zile”. Akiendelea kuwa na wasiwasi mkaribishe akae nawe siku moja.

Kambi ya siku kumi, hapana, siyo sa hivi. Kozi za namna hiyo, mfano zile zinazofata mafundisho ya mwalimu wa meditesheni S. N. Goenka, ni karibu saa kumi za kukaa kwa siku, huongei, simu hauna. Zina watu zimewasaidia, siwezi kuzibeza, ila wewe usingizi haujakaa sawa na umeshaogopa machozi yako mara mbili, na una mtoto mdogo nyumbani. Rafiki yako anakupenda, mshukuru, mwambie bado.

Mtu mpya sikuahidi. Mwaka 2014 yalikusanywa majaribio 47 yenye watu 3,515, ikaonekana programu za meditesheni zinapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo mpaka cha wastani, na hakukuwa na ushahidi kwamba zinazidi dawa au mazoezi ya mwili. Kiasi hicho siyo haba kwa mtu anayepigia kelele mwanae na halafu anaumia moyoni. Ila usiitafute kwenye kiti. Kwenye kiti utaona kelele tu miezi na miezi. Itafute pale maji yanapomwagika, ukaisikia hasira inapanda kifuani kabla haijafika mdomoni, nusu sekunde tu hivi, na ndani ya hiyo nusu sekunde ukaweza kuchagua. Ni kule kule kugundua ulikokuwa unakufanyia mazoezi na mswaki haujakauka. Na kama usingizi na mapigo ya moyo havijakaa sawa rudi kwa daktari tu, usiiachie meditesheni peke yake kazi hiyo.

Apu usiifute kama ile sauti ya mwongozaji inakusaidia. Zima notifikesheni zake, ifiche ile hesabu kama inafichika, na kama haifichiki basi futa, tumia taima ya simu. Chukua karatasi ibandike karibu na kioo cha mswaki, kila siku uliyokaa weka nukta, siku uliyokosa acha wazi, na kesho yake endelea kwenye mstari ule ule. Mwanao ana miaka mitano, mpe kalamu yeye ndo awe anaweka hizo nukta.